Kocha Asiyeteremka

Kocha aliogopa mteremko kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na ndiyo sababu nilimwamini katika mambo ya mteremko.

Kupanda alikuwa simba. Kila Jumamosi asubuhi kundi lake la waendesha baiskeli lilisimama kwenye kibanda changu pale Mamboleo, mahali barabara inapoanza kuinuka kwenda Riat, wakanywa chai na kula chapati kabla ya kukikabili kilima. Vijana walipanda wakihema kama bata. Kocha, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, alipanda akiimba nyimbo za kanisa, sauti ya besi, bila kuruka ubeti. Akifika juu alivua raba, akatoa kwenye mkoba viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa, akavivaa. "Mtu hafiki juu ya kilima kama mtu aliyefukuzwa," alisema. Kisha vijana wakateremka kwa njia ya mawe wakipiga mayowe ya furaha, naye akateremka kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeng'ang'ania vichaka, viatu vikiteleza, akiyagombeza mawe kana kwamba ni wanafunzi wake.

Ukimwuliza kwa nini haendeshi kushuka kama wenzake, alikuwa na jibu jipya kila wiki. Breki. Jua. Baiskeli imechoka, inataka kutembezwa. Safari moja alininong'onezea kwamba ni kwa heshima ya kilima.

"Na kupanda ukiimba, hiyo si kukosa heshima?" nikamwuliza.

"Madam, kupanda ni kupiga hodi. Unaweza kupiga hodi kwa wimbo."

Alikuwa amestaafu kazi ya ualimu wa michezo. Jina lake ninalijua, lakini sijasikia mtu akilitumia. Hata mkewe alimwita Kocha, tena kwenye simu, kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia: "Kocha, nilikutuma unga ama nilikutuma Riat?" Naye akajibu kwa upole mkubwa kwamba njia ya dukani imepitia Riat siku hiyo.

Mimi wananiita Mama Chapo, ingawa sijazaa. Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walipotutoka, mmoja nyuma ya mwenzake, niliacha shule nikaanza kusukuma chapati, na wadogo zangu wakakua kwa hizo chapati mpaka wakaanza kunipita kimo. Kitinda mimba ni Adhiambo. Yeye ndiye aliyepeleka chapati kwa wateja wa mbali kwa baiskeli, na Kocha alipomwona siku moja akikata kona pale njia panda na sufuria ya maharagwe kichwani pasipo kumwaga tone, alisimama barabarani magari yakimpigia honi.

"Yawa! Huyu ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Basi umezaa mlima."

Hivyo ndivyo Adhiambo alivyoingia kundini. Na hivyo ndivyo, msimu mmoja baadaye, alivyoruka juu ya usukani katikati ya mteremko wa Riat, akatua kwenye shamba la mihogo la watu, akavunja mfupa wa bega. Walimleta kwangu akiwa amefungwa mkono kwa leso ya Kocha, anacheka, meno mekundu. Mimi sikucheka. Nilimwambia Kocha mbele ya wateja wote kwamba baiskeli imekwisha. Nimewalea hawa bila kuvunja hata mmoja, na sitaanza na wa mwisho.

Ilikuwa habari mbaya kuliko nilivyojua. Kampuni moja ya kuwatembeza wageni ilikuwa inatafuta viongozi wa njia, watu wa kuwatangulia wageni kwa baiskeli kutoka Riat hadi chini, na Adhiambo alikuwa ameshaambiwa kwamba akiteremka vizuri mbele ya mtu wao, kazi ni yake. Kazi ya kweli, ya mwaka mzima, sio ya kubeba sufuria.

Kesho yake Kocha akaja peke yake. Alikataa chai. Hapo nikajua ni mambo mazito.

"Madam, mtoto hakuangushwa na kilima. Ameangushwa na kiti."

"Kiti?"

"Kiti."

Akavua koti, akalitundika kwenye nguzo ya kibanda, akachuchumaa katikati ya wateja wangu, mikono mbele kama ameshika usukani. Kocha hakuweza kueleza kitu bila kukiigiza. "Ukipanda, kiti kinatakiwa kiwe juu, miguu inyooke. Sawa? Ukiteremka, kiti kile kile kinakusukuma makalio kama mwenye nyumba anayekufukuza. Unaenda wapi? Mbele. Mbele kuna nini?"

"Mihogo," akasema dereva mmoja wa lori aliyekuwa anakula.

"Mihogo! Huyu bwana anaelewa." Kocha akasogea nyuma akiwa amechuchumaa bado, tumbo likipita juu ya kiti kisichoonekana, mpaka akaigonga meza ya mtu. "Lakini kiti kikizama, unarudi nyuma, unashuka chini, mihogo inabaki ya wenyewe."

Kitu chenyewe kinaitwa dropa. Ni nguzo ya kiti inayoingia ndani yake kama shingo ya kobe. Unabonyeza kidude kwenye usukani kwa kidole gumba, unakalia, kiti kinazama. Ukitaka kupanda tena unabonyeza ukiwa umeinuka kidogo, kinakufuata chenyewe juu. Nilisikiliza, nikageuza chapati, nikauliza maswali niliyokuwa nayo. Na ikikataa kuzama? Na ikizama ikakataa kuinuka? Na ikiinuka bila kuitwa, katikati ya mawe?

Kocha akanitazama kwa furaha niliyoiona kwake siku ile na mara chache tu baada ya hapo.

"Madam, wewe ni mtu wangu. Hawa vijana hawaulizi hivyo. Wanauliza rangi. Mtu asiyeogopa hajui kununua."

Basi tukapatana. Siku atakayoniletea dropa ambayo yeye mwenyewe, mwoga wa Riat, hana shaka nayo, Adhiambo atapanda baiskeli. Siku hiyo isipofika, Adhiambo atasukuma chapati nami.

"Sista, hiyo ni kifungo cha maisha," Adhiambo akasema.

"Chenye chai," nikamjibu.

Nimesema Kocha alikuwa mwoga, lakini lazima niongeze kwamba sijaona mtu mwenye majigambo kama yake. Watu wa kwetu hujisifu kwenye muziki: mtu anasimamisha nyatiti, kinanda chetu cha nyuzi, anajimwagia sifa, muziki unaendelea. Kocha hakuhitaji muziki. "Mimi mume wa mkali, mimi mkwe wa Seme, mimi kifua kilichoikataa malaria!" alisema, akinyoosha mkono apewe kikombe. Kama jambo limefaulu alisema "tulifanya". Likiharibika alisema "mlifanya", hata kama alikuwa peke yake. Aliwahubiria vijana juu ya kufika mapema na hakufika mapema hata siku moja. Alidharau vitu vya kisasa, na simu yake ilikuwa na taa ya kila rangi. Nilipomwonyesha mgongano huo alisema mtu asiyejipinga mwenyewe atapingwa na majirani.

Lakini kwenye dropa hakuwa na mzaha. Ya kwanza kuijaribu ilikuwa ya kijana wa kundi mwenye kazi nzuri mjini, mpya, inang'aa, haina waya. Unabonyeza na kiti kinasikia kwa hewa, kama redio. Sote tulishangilia. Kocha akabonyeza. Kiti kimya. Akabonyeza tena. Mwenyewe akakumbuka kwamba stima ilipotea kwao na hakuchaji.

"Stima ikipotea kwa nyumba unawasha mshumaa," Kocha akamwambia akimrudishia baiskeli. "Ikipotea Riat utawasha nini? Nunua kitu ambacho kikifa njiani, fundi wa Kondele anakifufua na waya ya breki."

Hilo likawa sheria. Nyingine akaziongeza jinsi zilivyomjia, kwa kawaida mdomo ukiwa umejaa. Dropa inayotikisika kidogo kushoto na kulia si mgonjwa, ni mzee tu. Inayozama ikikaliwa pasipo kubonyezwa ni mwongo. Inayopanda polepole itakupandia siku ya mazishi yako. Usimwulize muuzaji kama ni nzuri, mwulize mpira wa ndani ukiisha atautoa wapi, halafu mtazame macho.

Ya pili aliipata kwa mkopo wa kujaribu, akaipeleka Dunga. Sikuelewa kwa nini baiskeli ya mlima ipelekwe ziwani mpaka mimi na Adhiambo tulipofuatana naye kununua samaki. Akaiegemeza baiskeli kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akawaita kina mama wanaouza samaki.

"Mama zangu, mimi nahitaji mizani ya ukweli."

"Unatuita wanene, Kocha?"

"Nawaita mizani!"

Wakaja mmoja mmoja, na kanga zao na magamba ya samaki mikononi, Adhiambo ameshika usukani kwa mkono wake mzima, mimi nimeshika nyuma. Kila mama akakalia, akabonyeza, kiti kikazama kwa pumzi ndefu, na ufuo mzima ukalipuka kwa kicheko. "Imechoka na mimi!" "Imesema asante!" Waliacha mizani za samaki, wakapanga foleni. Mteja mmoja akawa anamdai mama samaki wake naye yuko juu ya baiskeli anapanda na kushuka, akitaja bei mpya kila akishuka. Kisha akaja mama mmoja mkubwa wa kimo na wa cheo, mwenye sauti ya kuendesha harambee. Akakaa. Hakugusa kitu. Akakaa tu, mikono kiunoni, akitazama ziwa. Polepole, kwa adabu, kiti kikaanza kuzama naye.

"Kocha," akasema bila kugeuza kichwa, "hii kiti yako inateremka na mimi sijafinya."

"Mwongo!" Kocha akapiga kelele.

"Mimi?"

"Kiti, Mama, kiti!"

Ikarudishwa siku hiyo hiyo. Kocha akamwambia mwenye dropa kwamba imepimwa na maabara ya Dunga.

Ya tatu ndiyo iliyomwaibisha, na yeye angekataa neno hilo. Ilikuwa ngumu kidogo, inakwama ikizama. Kilichotakiwa ni kuifungua na kuisafisha, lakini siku hiyo Kocha alikuwa Dunga, na mama mmoja alikuwa anayeyusha mafuta ya mbuta kwenye karai, yale mafuta manene ya samaki tunayopikia. "Mafuta ni mafuta," Kocha akasema, akaipaka nguzo nzima, kwa mkono, kama mtu anayempaka mtoto baada ya kuoga. Na kweli, ikalainika. Alipanda na kushuka mara kadhaa, akajimwagia sifa, akaianza safari ya kurudi Mamboleo.

Paka wa Dunga wakamsindikiza. Sisemi paka wawili. Nasema paka wa Dunga. Walioshuhudia walisema alikuwa anakanyaga kwa nguvu zote, tai imerushwa begani, na paka nyuma yake kama wafuasi wa mgombea. Aliposimama ili kuwafukuza, wakapanda baiskeli. Alipofika kwangu vumbi la barabara lote lilikuwa limenasa kwenye yale mafuta, na nguzo iliyokuwa inakwama kidogo sasa ilikwama kabisa: ilizama, na ilipoitwa juu ikainuka kama mzee anayeinuka kwenye matanga, kwa vituo. Paka mmoja wa mwisho, mwekundu, alikuwa bado amekaa kwenye kiti, analamba.

"Mlipaka nini hapa?" nikauliza.

"Mlipaka mbuta," akasema Kocha akitazama mbali. "Nilikuwa nawapima paka."

Yule paka alikaa. Yuko kibandani hata leo, na ni mzigo.

Bega la Adhiambo likapona, na kampuni ikaita tena. Tukaenda soko la Kibuye, Kocha, mimi, na Adhiambo na baiskeli yake, kwa mzee anayeuza vipuri vya baiskeli za mitumba vikiwa vimemwagwa kwenye turubai. Kocha akapiga magoti kwenye lile turubai na suruali yake iliyopigwa pasi. Alivuta nguzo moja baada ya nyingine, akazitikisa karibu na sikio, akazinusa. Hatimaye akashika moja iliyokwaruzwa vibaya, ya waya, haina sura. Akaibonyeza kichwa kwa kiganja. Ikazama. Akaiachia. Ikapanda, ikagonga juu: tok. Akaibonyeza tena, akafumba macho.

Lakini ilikuwa nyembamba kuliko tundu la fremu ya Adhiambo.

"Hakuna shida, Mzee," muuzaji akasema, na tayari mkasi ulikuwa mkononi, unakata kopo la soda. "Tunaivalisha hii, inakaza. Kisumu yote inatembea hivi."

"Weka mkasi chini."

"Kocha, nusu ya baiskeli za hapa zimevaa kopo," Adhiambo akasema.

"Na nusu ya meno ya hapa yako barabarani! Nguzo na fremu ni mguu na kiatu. Utavaa kiatu cha mume wa mtu uweke gazeti ndani, halafu ukimbie?"

Muuzaji akajibu kwamba amevaa hivyo miaka yote na amefika. Wakabishana mpaka watu wakasimama kutazama, mmoja akilishangilia kopo, mwingine akimshangilia Kocha. Mwishowe yule mzee, kwa hasira tu, akaingiza mkono kwenye gunia lililokuwa nyuma yake na kutoa ndugu wa ile nguzo: sura mbaya ile ile, waya ile ile, lakini nene zaidi. Akamtupia Kocha. Kocha akaiteremsha kwenye fremu ya Adhiambo. Ikaingia bila kulazimishwa wala kucheza, na hewa ikatoka chini kwa mluzi mwembamba. Nikamtazama Kocha. Ile furaha ilikuwa usoni tena.

Jioni ile tulikiacha kiti kibandani kikiwa kimepandishwa hadi juu, na gunia la unga limefungwa juu yake. Asubuhi gunia lilikuwa pale pale. Paka alikuwa amelala juu ya gunia, na hata yeye hakuwa ameshuka.

Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimwachia jirani kibanda, nikapanda pikipiki hadi juu Riat. Kundi lilikuwepo. Mtu wa kampuni alikuwepo, kijana mtaratibu kwenye baiskeli yake mwenyewe, tayari kumfuata Adhiambo nyuma. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, na njia ya mawe ilianzia miguuni pangu ikaenda pasipostahili njia kwenda. Kocha alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vyeusi.

"Haya, Kocha," nikasema. "Una shaka?"

Nilingoja majigambo. Nilikuwa nimeyapandia pikipiki. Alimaliza kufunga kamba, akasimama.

"Na dropa sina shaka. Nimeipima nikamaliza."

"Na yeye?"

"Yeye sikumchagua mimi, Madam. Kiti hakitamwangusha. Kilima siwezi kukisemea."

Nilitamani kumvua kiatu nimpige nacho. Miezi yote ile nilidhani tunatafuta kitu ambacho kikipatikana sitalazimika kuamua chochote. Adhiambo alikuwa amekaa kwenye baiskeli, mguu mmoja chini, kidole gumba kikibonyeza: kiti kikazama, kikapanda. Tok. Kikazama, kikapanda. Tok.

"Sista?"

Tangu akiwa mdogo huyu, kila alichoniomba nimemjibu ngoja. Viatu, ngoja. Safari, ngoja. Na aliningojea, kila mara, bila kununa.

"Nenda," nikasema.

Kiti kikazama, naye akazama nacho, mgongo chini, mikono imepinda, na alipofika kwenye jiwe la kwanza tayari hakuwa mtu ninayemjua. Alikuwa kitu kinachomwagika. Nikasikia akipiga ukelele, na haukuwa wa woga. Kijana wa kampuni akamfuata, kundi likawafuata, vumbi likabaki.

Basi Kocha na mimi tukaanza kuteremka kwa miguu, yeye na viatu vyake na baiskeli yake, mimi na ndala. Kila kona tulichungulia kichakani. "Pale!" Kocha akapiga kelele, akanishika mkono, na tukauparamia mteremko mzima wa miiba kufikia kitu chekundu kilichokuwa jerikeni. Akakaa chini kando ya jerikeni akahema. Nikacheka mpaka nikakaa pia. Tukainuka, tukateleza, tukashikana kama wanafunzi siku ya mvua, yeye akiligombeza kila jiwe, na mimi, ambaye sijui kutukana, nikimsaidia. Katikati ya njia aliniambia kwamba zamani, kijana, aliwahi kuteremka hapa akiwa ameketi.

"Ikawaje?"

"Mihogo," akasema.

Tulipofika Mamboleo nilikuwa na mwiba kwenye kisigino na moyo mdomoni. Kibanda kimejaa. Adhiambo alikuwa nyuma ya jiko langu, amejifunga leso yangu, anageuza chapati kwa mkono wa lile bega lililovunjika.

"Mmekaa wapi nyinyi? Chapo zimeisha mara mbili!" Kisha akaonyesha kwa kidevu. Kijana wa kampuni alikuwa kwenye benchi, amekunja mikono. "Huyu anasema nianze Jumatatu. Nimemwambia akuulize wewe. Wewe ndiye mzazi."

Kijana akasimama kwa heshima. Akasema, Mama, tumekuja kuomba. Benchi zima likageuka kusikiliza. Sijawahi kukaa kwenye benchi la wateja wangu. Siku ile nilikaa, katikati kabisa. Kocha akaegemeza baiskeli, akapangusa vumbi kwenye viatu, akakaa upande wangu wa kuume kama mjomba aliyeitwa kwenye mazungumzo ya mahari.

"Adhiambo," nikasema, "tuletee wageni chai."

Kijana akafungua mdomo aanze. Kocha akainua mkono.

"Pole pole, bwana. Kabla hatujaongea mambo ya kazi, kwanza tuonyeshe viti vya baiskeli zenu."